Fizikia ngapi, Hisabati ngapi? Namna ya kupima nafasi yako ya kuchaguliwa uhandisi chuo kikuu

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi wa saba, dukani kwangu hapa Singida hapapitiki. Nauza madaftari na kalamu, natoa kopi, na kwa wiki kama nne hivi kazi yangu kubwa inakuwa kuwaombea watu vyuo. Wengi wanaokuja si wanafunzi wenyewe. Vijana wengi wanakuwa bado wapo kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, simu hawana, kwa hiyo anakuja baba au dada ameshika kikaratasi chenye namba ya mtihani.

Mwaka jana alikuja mzee mmoja kutoka Ilongero, koti limejaa vumbi la barabarani. Nikamwamkia, nikampa kiti. "Binti yangu kapata wani," akasema, na uso wote ulikuwa unang'aa. "Anataka uhandisi wa umeme, chuo kikuu. Nijazie hapo tu, mwanangu, pengine popote sitaki." Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mtu: Fizikia kapata ngapi, Hisabati kapata ngapi? Mzee hakujua. Alijua wani.

Simlaumu hata kidogo. Mwaka 2018 mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa kwenye kiti hikihiki, namjazia fomu mdogo wangu wa mwisho, na nilichokijua ni hichohicho. Alikuwa na divisheni wani ya pointi 7, tahasusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati. Nyumbani tulichinja kuku. Nikamwekea uhandisi wa ujenzi, umeme na mitambo, chaguo zote katika chuo kimoja kikubwa, nikamwambia alale usingizi. Dirisha la kwanza, yaani awamu ya kwanza ya maombi, hakuchaguliwa kokote. Dirisha la pili kozi zote tatu zilikuwa zimeshajaa. Mtoto wa jirani yetu, ambaye tulikuwa tunampa pole kwa divisheni two ya pointi 10, alichaguliwa umeme chuo hichohicho.

Mdogo wangu alilia siku tatu. Mimi nilichukua vyeti vyao viwili, nikaviweka mezani, nikavisoma mpaka nikaelewa. Tangu hapo nina daftari, na yote nitakayokueleza yametoka humo na kwenye vitabu vya mwongozo ninavyovisoma kila mwaka.

Mizani mbili zinazopimana kinyume

NECTA, yaani Baraza la Mitihani, wanapokupa divisheni wanahesabu hivi: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. Wanajumlisha masomo yako matatu ya tahasusi, GS (General Studies) haimo. Jumla ya 3 hadi 9 ni divisheni wani, 10 hadi 12 ni two, 13 hadi 17 ni three, 18 na 19 ni four. Hapo pointi chache ndiyo heri.

Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, wana mizani yao, nayo imegeuzwa: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Hapo pointi nyingi ndiyo heri. Tena hawajumlishi masomo matatu. Wanachukua mawili, yale yaliyotajwa kuwa ndiyo ya kozi husika. Kwa uhandisi ulio mwingi, mawili hayo ni Fizikia na Hisabati ya Juu, ile wanafunzi wanayoiita Advansi.

Sasa rudi kwenye vyeti viwili vya mwaka 2018. Mdogo wangu alikuwa na Fizikia C, Kemia A, Hisabati C. Kwa NECTA ni 3 na 1 na 3, jumla 7, wani nzuri kabisa. Kwa uhandisi ni C na C: 3 na 3, pointi 6. Ile A ya Kemia iliyotufanya tuchinje kuku ilikaa nje ya hesabu. Mtoto wa jirani alikuwa na Fizikia B, Kemia S, Hisabati B. NECTA: 2 na 6 na 2, jumla 10, divisheni two. Uhandisi: 4 na 4, pointi 8. Alikuwa amempita mdogo wangu kwa pointi mbili kamili, na sisi tunampa pole.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hii. Chukua karatasi, usiandike divisheni kabisa. Andika herufi ya Fizikia na herufi ya Hisabati, zigeuze kuwa pointi za TCU, jumlisha. Kubwa kabisa ni 10. Namba utakayoipata ndiyo utakayotembea nayo mpaka mwisho wa zoezi hili.

Kama ulimaliza 2014 au 2015, miaka ile alama zilikuwa na B+ katikati, na hesabu yako ni tofauti: A 5, B+ 4, B 3, C 2, D 1, E nusu. Nawaona watu wazima wanaotaka kurudi shule wakijihesabia kwa mizani ya sasa na kujipa pointi ambazo hawana. Waliomaliza kuanzia 2016 watumie ile ya kwanza.

Kusoma mstari wa kozi

TCU hutoa vitabu viwili vya mwongozo kila mwaka, kimoja cha waliotoka kidato cha sita na kingine cha wenye diploma. Vimeandikwa kwa Kiingereza na vinapatikana bure kwenye tovuti yao. Pakua cha mwaka huu. Cha mwaka jana cha kaka yako kitakudanganya, maana kozi huongezwa, hufutwa na kubadilishiwa masharti.

Kila kozi ina mstari wake, na wengi wanausoma nusu. Mwanzoni kuna sharti la masomo. Hapo ndipo wanapoangukia vijana wa PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati): Fizikia na Hisabati wanazo, lakini kozi kadhaa za uhandisi zinataka pia Kemia, angalau kwa kiwango cha subsidiari, yaani S, kidato cha sita au C ya kidato cha nne. Kijana wa PGM mwenye A mbili na D ya Kemia ya kidato cha nne anaweza kukosa sifa kabisa, na hakuna atakayempigia simu kumweleza. Toa cheti cha kidato cha nne, kiweke mezani kando ya cha sita, hakikisha neno kwa neno.

Baada ya hapo kuna pointi za chini kabisa. TCU kwa jumla inataka alama mbili za principal, yaani kuanzia E kwenda juu, zenye pointi zisizopungua 4, na chuo kinaweza kuweka zaidi. Naomba hapa tuelewane vizuri, kwa sababu watu wengi huumia kwa kitu hiki kimoja. Pointi za chini ni ruhusa ya kuomba. Ni kama tiketi ya kuingia uwanjani, timu inapangwa baadaye. Kozi inayosema pointi 4 inaweza kujaa yote kwa watu wenye 8 na kuendelea, na wenye 4 hadi 7 wakaambiwa hawakuchaguliwa kwa sababu ya ushindani. Miaka ya karibuni ufaulu wa jumla wa kidato cha sita umekuwa juu ya asilimia 99. Karibu kila mtu amefaulu. Kufaulu peke yake hakukuweki mbele ya mtu yeyote.

Mwisho wa mstari kuna idadi ya nafasi. Iandike. Na ukumbuke kwamba nafasi hizo zinagombewa pia na wenye diploma, usizihesabu zote kuwa za kidato cha sita.

Mtafute wa mwisho aliyeingia na wa kwanza aliyekosa

Hiki ndicho kiini cha yote, na ndiyo maana nina daftari.

Kitabu hakikwambii aliyechaguliwa wa mwisho mwaka jana alikuwa na pointi ngapi. Inabidi umtafute mwenyewe. Nikipata watu wawili, mmoja aliyeingia kwenye kozi akiwa na pointi chache kuliko wenzake, na mwingine aliyekosa kozi hiyohiyo akiwa na pointi nyingi kuliko wenzake waliokosa, mstari unapita katikati yao. Hapo nakuwa na kitu cha kushika.

Unawapata wapi? Anza shuleni kwako. Matokeo ya NECTA ya mwaka jana bado yapo wazi kwenye tovuti, shule kwa shule: namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, divisheni, na herufi ya kila somo. Majina hayapo, lakini mwalimu wa taaluma anawajua wanafunzi wake. Kaa naye nusu saa. Vyuo navyo hutoa orodha za waliochaguliwa. Halafu ingia kwenye kundi la WhatsApp la waliomaliza kabla yako, uliza kwa adabu: Fizikia, Hisabati, Kemia, uliomba nini, chuo gani, ilikuwa chaguo la ngapi, dirisha la ngapi, ukapata au ukakosa. Hizo ndizo safu za daftari langu, sijaongeza wala kupunguza kwa miaka saba.

Safu ya dirisha usiiruke. Aliyeingia dirisha la pili huenda alipata nafasi iliyoachwa na mtu aliyethibitisha chuo kingine, na mwaka huu nafasi kama hiyo inaweza isitokee.

Kuna mtego mmoja. Waliopata hurudi kusimulia. Anakuja dukani na mama yake, anacheka, ananunua begi. Waliokosa hawarudi. Ukiwasikiliza wanaorudi tu, utadhani kila mwenye pointi 7 aliingia. Mimi huwa nawapigia simu wale wengine, mwezi wa kumi, mmoja mmoja, nawaambia, "Mdogo wangu, najua inauma, lakini nisaidie niandike ili anayekuja nyuma yako asipite ulikopita." Sijawahi kukataliwa. Habari ya aliyekosa ina thamani kuliko ya walioingia watatu, kwa sababu ndiye anayekuonyesha ukuta ulipo.

Mstari huo hausimami mahali pamoja mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana siku matokeo yanapotoka, kabla sijafungua duka, nafungua shule sita ambazo nimezizoea, nahesabu A na B za Fizikia na Hisabati, nalinganisha na mwaka uliotangulia katika shule zilezile. Zikiwa zimeongezeka kwenye shule zote sita, najua mwaka huu ukuta umepanda, na nampunguzia kila mtu matumaini kwa pointi moja. Si hesabu ya maprofesa, lakini imenisaidia zaidi ya uvumi wa mitandaoni.

Kingine cha kuelewa ni kwamba mizani ya pointi 10 ni ya mkato sana. A na D ni 7. B na C ni 7. Mwenye 60 ya Hisabati na mwenye 69 wote wana C. Kwa hiyo pale mstari unapopita wanasimama watu wengi wenye namba moja, na chuo lazima kichague kati yao. Ukiona namba yako ni sawasawa na ya wa mwisho aliyeingia, hesabu kwamba unaweza kupata au kukosa, na ujipange kwa yote mawili. Hapo ndipo somo la tatu linapoweza kukubeba, na ndipo ninapowaambia wenye Kemia nzuri wasikate tamaa.

Makapu matatu

Nikishakuwa na namba ya mtu na namba ya wa mwisho aliyeingia, natoa karatasi nachora makapu matatu. Kanuni hii ni yangu, chukua uipime mwenyewe.

Ukimzidi wa mwisho kwa pointi 2 au zaidi, kozi hiyo iweke kapu la salama. Mkilingana, au ukimzidi kwa moja, ni kapu la kati. Akikuzidi kwa moja, ni kapu la kujaribu. Akikuzidi kwa mbili au zaidi, usipoteze chaguo hapo, hata kama moyo unapenda.

Kosa nililomfanyia mdogo wangu ni kujaza chaguo zote kwenye kapu la kujaribu. Tena zote zilikuwa zinafanana. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1973 kilikuwa na idara tatu: ujenzi, umeme na mitambo. Mpaka leo majina hayo matatu ndiyo kila mzazi anayoyajua, ndiyo kila mtoto anayoyaandika, na ushindani unarundikana hapo. Ukikosa umeme, kuweka mitambo kama chaguo la kujiokoa ni kuikimbia mvua ukajikinge chini ya mti mmoja na wenzako wote.

Kwa hiyo tanua macho. Pale pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna uhandisi wa kemikali na uchakataji, uhandisi wa viwanda, uhandisi wa nguo. Chuo Kikuu Ardhi wana uhandisi wa mazingira. SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, wana uhandisi wa umwagiliaji na rasilimali za maji, na mimi ninayekaa Singida ninakoona mito inakauka mwezi wa saba najua kazi ya mtu huyo ilivyo kubwa. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, wana madini na mawasiliano ya simu. MUST, Mbeya, na DIT, Dar es Salaam, wana zile tatu kubwa pia, na wana mafunzo ya vitendo ya asili, kwa maana vyote vilianza kama vyuo vya ufundi. Wazee bado wanaiita DIT kwa jina la Dar Tech, ingawa iligeuzwa kuwa taasisi mwaka 1997. Chuo cha Usafirishaji, NIT, kina magari na matengenezo ya ndege. Arusha Tech wana umwagiliaji. Usikiweke chuo kapu la salama kwa sababu tu kipo mbali na Dar. Kila kozi itafutie wa mwisho wake.

Kozi usiyoifahamu, kabla hujaijaza, ulizia Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kama wanaitambua. Miaka minne ni mingi kwa cheti ambacho hakitakupa usajili.

Tangu mwaka 2017 maombi yanapelekwa moja kwa moja chuoni, na unaruhusiwa kuomba vyuo zaidi ya kimoja, kila chuo na ada yake. Ushauri wangu kwa familia yenye fedha kidogo ni vyuo vitatu, na katika hivyo vitatu makapu yote matatu yawakilishwe. Ndani ya chuo kimoja panga kwa mapenzi yako: unachokipenda zaidi kiwe juu hata kama ni cha kujaribu, na cha salama kiwe chini. Lakini kiwepo. Mzee wa Ilongero hakutaka kiwepo, na tulibishana naye vizuri kabisa.

Kwa wenye diploma

Ninyi hesabu yenu ni GPA, yaani wastani wa alama. TCU inataka isipungue 3.0 kwa diploma ya kawaida, NTA ngazi ya 6, pamoja na alama nne za D au zaidi za kidato cha nne. Tena ni ruhusa ya kuomba tu. Kozi zenye foleni huweka juu zaidi, na mistari mingine inataja hata fani ya diploma inayokubalika. Soma kitabu chenu, kile cha pili, msisome cha kidato cha sita. Na kabla ya yote omba namba ya uhakiki, AVN, kutoka NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Bila AVN mfumo wa chuo haukufungulii, na nimeona watu wenye GPA ya 4.3 wakikosa dirisha la kwanza kwa sababu chuo chao kilikuwa hakijapeleka matokeo kwa wakati. Fuatilia hilo mwezi wa sita, usingoje wa nane.

Simu, msimbo na siku chache

Nafasi ikishapimwa vizuri inaweza kupotea kwa laini ya simu. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja unatakiwa kuthibitisha kimoja kwa msimbo maalumu unaotumwa kwa ujumbe wa simu au barua pepe, na siku za kufanya hivyo ni chache tu. Kijana mmoja alijaziwa kwingine, aliyemjazia akaweka namba yake mwenyewe ili kurahisisha kazi. Majibu yalipotoka, mwenye namba alikuwa amesafiri. Kijana alichaguliwa vyuo viwili na hakuthibitisha hata kimoja kwa wakati.

Kwa hiyo mwenye mtoto yupo JKT aweke namba ya simu yake mzazi, laini iliyosajiliwa kwa jina lake, ambayo haizimwi. Barua pepe ifunguliwe mpya kwa jina la mtoto, na nywila iandikwe kwenye karatasi ikae nyumbani. Mimi sibaki na nywila ya mtu.

Usithibitishe kwa haraka ile iliyotangulia kuingia kwenye simu. Kaa na makapu yako, soma tena. Ila ukishaamua, thibitisha siku hiyohiyo.

Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, ni maombi mengine kabisa, yana tarehe zake, usingoje kuchaguliwa ndipo uanze. Na waliofanya vizuri sana kwenye sayansi waulizie Ufadhili wa Samia.

Dirisha la pili lina masharti yaleyale, lakini nafasi ni zile zilizobaki. Ukikosa la kwanza, usirudie orodha ileile kwa matumaini. Pata orodha ya kozi zilizobaki wazi, chora makapu upya, na safari hii anza kulijaza la salama.

Karatasi ya mzee

Tulipofungua matokeo ya binti yake tulikuta Fizikia B, Kemia C, Hisabati C. Wani ya 8. Nikaandika 4 na 3, jumla 7. Wa mwisho niliyekuwa naye daftarini kwenye kozi waliyoitaka alikuwa na 8, na wa kwanza aliyekosa alikuwa na 7. Nikamwonyesha mzee mistari hiyo miwili ya penseli. Akaitazama muda mrefu. Akaniuliza kama nasema binti yake hana akili. Nikamwambia hapana baba, nasema kuna watu wengi wenye akili kama yake na viti ni vichache, kwa hiyo tusimweke kwenye kiti kimoja.

Umeme wa chuo alichokitaka tuliuacha juu kabisa, kapu la kujaribu. Chini yake tukaweka umeme wa vyuo viwili vingine ambavyo binti alikuwa amelingana na wa mwisho wao. Chini kabisa tukaweka umwagiliaji, ambako alimzidi wa mwisho kwa pointi mbili. Mzee alipiga simu kambini jioni ile, akabahatika kumpata afande mwenye huruma, akaongea na binti dakika tatu kabla sijabonyeza kutuma. Binti alikubali yote, akaomba tubadilishe mpangilio wa mawili ya katikati. Tukabadilisha.

Alichaguliwa umeme, kapu la kati, dirisha la kwanza. Mzee alinitumia ujumbe wenye msimbo akiwa njiani kuja, akihofia usije ukafutika.

Mdogo wangu leo ni mwalimu wa Kemia sekondari, na siku za maombi huja kunisaidia kuhesabu. Yeye ndiye anayekaa na wenye A ya Kemia na C mbili.

Ukishajua majibu yako, umepata au umekosa, njoo uniambie au unitumie mambo saba tu: Fizikia, Kemia, Hisabati, kozi, chuo, chaguo la ngapi, dirisha la ngapi. Jina lako sihitaji. Na kama ulikosa, nitumie upesi zaidi, kwa sababu mwezi wa saba mwingine hauko mbali na kuna mtu atakaa kwenye kiti hiki akiwa na herufi kama zako.